Kuchagua chapa na mabango ya Marekani kwa ajili ya hazina ya taifa ya picha za kufundishia

Kamati ya uchaguzi ikikaa mara ya kwanza, orodha hupatikana upesi mno. Mjomba Sam, mzee anayeiwakilisha Marekani, anayenyoosha kidole. Picha ya mwigizaji Marilyn Monroe ya Andy Warhol. Yule mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani anayekunja mkono kuonyesha msuli. Ndege mmoja au wawili wa mchoraji Audubon. Bango la Obama la 2008. Wajumbe huridhika, wakadhani kilichobaki ni kutafuta mafaili. Kumbe kazi haijaanza, kwa sababu umaarufu wa picha haumwambii mwalimu wa Ohio au New Mexico afanye nini nayo Jumatatu asubuhi mbele ya wanafunzi thelathini.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa kazi hiyo: mkutubi, mwalimu wa sanaa au wa historia, mfanyakazi wa makumbusho. Marekani hazina za namna hii zimeshajaribiwa. Katika miaka ya 1950 Shirika la Carnegie la New York lilifadhili mradi mkubwa wa slaidi za sanaa ya nchi hiyo kwa ajili ya vyuo, ukisimamiwa na Chuo Kikuu cha Georgia. Mwaka 2008 National Endowment for the Humanities, shirika la serikali linalofadhili elimu ya historia na utamaduni, lilianza kusambaza seti ya picha 40, zilizochapwa pande mbili za mabango makubwa, katika shule na maktaba nchi nzima. Mradi wa kwanza ulikuwa na maelfu ya picha, wa pili dazeni chache tu, na tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo inayoamua mengi yanayofuata.

1. Andikeni mipaka kabla ya kutaja msanii yeyote

Mkisubiri hadi kila mjumbe aanze kumtetea kipenzi chake, mtavuna ugomvi. Kipimo ninachokipenda cha kujua chapa ni hiki: kitu kilichotengenezwa tangu mwanzo ili zitoke nakala nyingi. Hapo mchongo wa mbao umo, bamba la shaba limo, lithografia (uchapaji kutoka kwenye jiwe) imo, bango la skrini (wino uliosukumwa kupitia kitambaa) limo, katuni ya gazeti imo, stempu imo, hata lebo ya kasha la machungwa imo. Mchoro wa penseli uliobaki mmoja duniani haumo, hata kama aliyeuchora ni gwiji. Picha za kamera zitengewe kapu lake. Zikiingia humu zitameza kila kitu.

Kisha swali la nani ni Mmarekani. John James Audubon alizaliwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na mabamba 435 ya ndege wake yalichongwa Edinburgh na London kati ya 1827 na 1838. Mary Cassatt alizaliwa Pennsylvania, ila chapa zake kumi za rangi za 1890–91 alizitengenezea Ufaransa. Elizabeth Catlett alizaliwa Washington, akafanyia chapa zake kubwa Mexico City, na mwaka 1962 akachukua uraia wa Meksiko. Mkishika cheti cha kuzaliwa mnampoteza Audubon. Mkishika mahali pa kuchapia mnawapoteza wote watatu. Kanuni isiyovunjika haraka ni kuuliza kama kazi ilimhusu na kumfikia mtazamaji wa Marekani. Iandikeni, isainiwe, msirudi tena hapo.

Idadi nayo iamuliwe mapema. Kama nafasi ni 40 kwa sanaa zote, chapa zitapata tano au sita, na kila moja itabeba somo zima peke yake. Kama nafasi ni maelfu, mnaweza kuweka mifululizo kamili.

2. Iulizeni kila picha ilifanya kazi gani

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa kamati. Chapa haikutengenezwa ikae kimya ukutani. Mtu aliilipia, mtu aliisambaza, mtu aliitazama, na kuna jambo lililotakiwa litokee baada ya hapo. Kwa kila picha inayopendekezwa, mjumbe ajibu kwa maandishi: nani aliagiza, nakala zilifika wapi, kwa njia gani, na watazamaji walitakiwa wafanye nini?

Maswali haya huangusha picha maarufu na kuinua zisizojulikana. Mjomba Sam wa James Montgomery Flagg anapita bila shida. Alitokea kwanza kwenye jalada la jarida la Leslie's mwaka 1916, akawa bango la kuandikisha askari 1917, na zaidi ya nakala milioni nne zikachapwa hadi vita vilipokwisha. Flagg alitumia uso wake mwenyewe kama kielelezo, na wazo la kidole alilichukua kwenye bango la Kiingereza la waziri wa vita, Lord Kitchener, la 1914. Hapo mwalimu ana la kufundisha kwa wiki nzima.

Sasa mwanamke wa kitambaa chekundu. Bango la "We Can Do It!" lilichorwa na J. Howard Miller kwa kampuni ya Westinghouse. Lilibandikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa muda mfupi tu Februari 1943, mbele ya wafanyakazi waliokuwa tayari kazini. Halikuandikisha mtu yeyote. Rosie, mfanyakazi wa kike wa kiwandani wa kubuni ambaye wengi humchanganya na huyu, taifa lilimwona wakati ule katika picha ya Norman Rockwell, kwenye jalada la Saturday Evening Post la Mei 29, 1943. Bango la Miller lilipata umaarufu kuanzia miaka ya 1980, lilipookotwa upya na kupewa maana ya haki za wanawake. Je, liachwe? Hapana. Liingie likiwa na tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kufufuliwa, na mwanafunzi aulizwe kilichotokea katikati. Linaloharibu ni kuliweka chini ya kichwa cha "Vita Kuu ya Pili" na kuishia hapo.

Picha ambayo ningeipigania hadi mwisho ni ya Paul Revere ya mauaji ya Boston, Machi 5, 1770. Itazameni taratibu. Askari wa Kiingereza wamesimama kwenye mstari ulionyooka, wanafyatua kwa pamoja, na nyuma yao ofisa ameinua upanga kama anayetoa amri. Juu ya vichwa vyao kuna kibao kinachosema hilo ni jumba la mchinjaji. Mbwa mdogo amesimama mbele, katulia, kana kwamba hakuna bunduki. Mwezi mwembamba upo pembeni, lakini anga ni ya mchana, ilhali tukio lilikuwa la usiku, mtaa una theluji, na ushahidi uliotolewa mahakamani ulizungumzia vurugu, si gwaride. Kati ya watu watano waliokufa alikuwemo Crispus Attucks, mtu wa asili ya Kiafrika na ya Wenyeji wa Amerika. Katika nakala nyingi zilizopakwa rangi humtambui, kwani wote wamepewa ngozi nyeupe. Na mchoro wenyewe Revere aliunakili kwa Henry Pelham, ambaye alimwandikia barua kali ya kulalamika mwezi huohuo.

Ipeni picha hiyo mwenzake: lithografia iliyochapwa Boston mwaka 1856 na kiwanda cha J. H. Bufford kutokana na mchoro wa William Champney. Humo Attucks yupo katikati kabisa, ameshika bunduki ya askari. Mji ni uleule, tukio ni lilelile, miaka 86 imepita na vuguvugu la kupinga utumwa limepamba moto. Mwanafunzi wa miaka kumi na miwili akiwekewa hizo mbili sambamba, ataona mwenyewe kwamba chapa huwa na upande. Chaguo la jozi kama hili lina thamani kuliko picha kumi nzuri zilizotawanyika.

Nyoka wa Benjamin Franklin wa 1754 naye huingia kwa kipimo hicho. Ni kamchoro kadogo ka mbao gazetini, nyoka aliyekatwa vipande vinane vyenye herufi za makoloni. Kwa uzuri hakana cha kujivunia, ila magazeti yalikarudia kwa miongo miwili kila siasa zilipochemka.

3. Hesabuni mbinu, na mhakikishe jicho linaziona

Hazina ya kufundishia ikikosa mbinu moja kubwa, mwalimu wa sanaa hataitumia. Kwa uchache iwe na mchongo wa mbao, mchongo wa shaba, uchapaji wa asidi (asidi hula mistari kwenye bamba), lithografia, chapa ya lino (iliyochongwa kwenye linoleamu), skrini, ofseti (uchapaji wa mashine wa magazeti na vitabu), na kazi iliyozaliwa kwenye kompyuta. Kila mbinu iwakilishwe na picha ambayo alama zake zinaonekana, na kila picha iambatane na faili la pili linaloonyesha kipande kidogo kwa ukaribu.

Mchongo wa shaba una mistari inayonenepa katikati na kuchongoka mwishoni, kama ncha ya chuma ilivyozama na kutoka. Lithografia ina chembechembe za kalamu ya nta juu ya jiwe. Skrini hutoa rangi bapa zenye kingo kali. Mabango ya mradi wa sanaa wa WPA, mpango wa serikali uliowapa kazi wasio na ajira, yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1943, ndiyo somo bora, na Maktaba ya Bunge mjini Washington inayo zaidi ya 900. Kwa asidi chukueni "Night Shadows" ya Edward Hopper ya 1921: mtu mmoja anatembea usiku, ameonwa kutoka juu, na kivuli kirefu cha nguzo kinakata njia yake. Weusi wote ule ni mistari iliyopishana, hakuna doa lililopakwa.

Michoro ya jarida la Harper's Weekly ina siri yake. Picha kubwa ya ukurasa mzima haikuchongwa kwenye ubao mmoja. Vipande vya mti mgumu viliunganishwa kwa skrubu, vikatenganishwa, vikagawiwa wachongaji kadhaa wafanye kazi usiku, kisha vikaungwa tena. Katika baadhi ya picha za Winslow Homer za vita vya wenyewe kwa wenyewe, mstari mwembamba mweupe unakatiza kwenye maungio. Mkipata nakala inayouonyesha, chagueni hiyo hata kama karatasi yake ina madoa.

Msimsahau Dox Thrash wa Philadelphia. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa kwenye karakana ya WPA, yeye na wenzake walitumia carborundum, mchanga mgumu uliokuwa ukisagia mawe ya lithografia, kukwaruza bamba la shaba hadi litoe weusi mzito kama mahameli. Huyu ni msanii Mweusi aliyeanzisha mbinu, na orodha nyingi humruka.

4. Tafuteni waliokosekana, kisha mkabili picha chafu

Mkifika hapa, pangeni mlichonacho mezani na mtazame ni nani hayupo. "Sharecropper" ya Elizabeth Catlett, chapa ya lino ya 1952, haihitaji kutetewa kwa kisingizio cha uwiano. Mkulima mwanamke ameonwa kutoka chini, kofia pana ya majani imezunguka kichwa, na koti limefungwa kwa pini. Pini ile ndogo inaeleza ukulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba kuliko aya mbili za kitabu. Emory Douglas alichora kwa ajili ya gazeti la Black Panther, chama cha kupigania haki za watu Weusi, kuanzia 1967, kwa mistari mizito na rangi moja au mbili, maana bajeti haikuruhusu zaidi. Ester Hernández wa California alichapa kwa skrini, mwaka 1982, kasha la zabibu kavu ambalo msichana wake anayetabasamu amekuwa mifupa, akilalamikia dawa za kuulia wadudu kwenye mashamba ya kwao. Na mabango ya wafanyakazi wa taka wa Memphis waliogoma mwaka 1968, yenye maneno manne tu, "I AM A MAN", yaingie bila mjadala ingawa hayana mchoro.

Msomaji wa Kiswahili atapenda kujua kwamba Harlem, New York, mwaka 1965, lilianzishwa kundi la wasanii lililojiita Weusi, na jumba lao la maonyesho wakaliita Nyumba ya Sanaa. Walifanya chapa pamoja na michoro ya rangi. Kwa upande wa stempu, ile ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, iliyotolewa na posta ya Marekani mwaka 1997, kazi ya Synthia Saint James, ni picha ndogo iliyofika kwenye barua za nchi nzima. Sioni sababu ya kuiacha.

Halafu kuna zile zinazouma. Kampuni ya Currier & Ives ya New York, inayopendwa kwa mandhari ya theluji na farasi, iliuza pia mfululizo wa Darktown uliowakejeli watu Weusi, na ulinunuliwa sana. Thomas Nast aliyemwandama mwanasiasa fisadi Tweed, akawatetea Wachina mwaka 1871, aliwachora Wairishi kama nyani. Wapo wanaotaka haya yafichwe. Mimi naona hazina inayoonyesha theluji ya Currier & Ives peke yake inasema uongo. Wekeni moja, isiwe kwenye ukurasa wa mbele wala kwenye bango la kubandika ukutani, iwe na onyo kwa mwalimu, na iwekwe karibu na kazi inayoijibu.

5. Chagueni nakala, siyo jina la picha

Kosa hili huonekana hata kwenye miradi yenye fedha. Mtu anaandika "Audubon, korongo mwekundu" na mwingine anapakua faili la kwanza aliloliona. Lakini bamba la flamingo lilitoka katika toleo kubwa la London lenye karatasi za takriban sentimita 99 kwa 66, ndiyo maana shingo ya ndege imeinamishwa ili aenee kwa ukubwa wake halisi. Likafuata toleo dogo la lithografia la miaka ya 1840, kisha jaribio la Julius Bien la kulirudia lile toleo kubwa kwa lithografia ya rangi lililoanza 1858, na baada ya hapo mabango ya maduka yasiyo na idadi. Rangi zinatofautiana, mistari inatofautiana, na hoja ya ukubwa inapotea kabisa.

Basi andikeni: taasisi gani, namba gani ya usajili, hatua gani ya bamba. Wachongaji hurekebisha bamba katikati ya kazi. Hata kwenye picha ya Revere mishale ya saa ya mnarani ilibadilishwa. Chapa za Cassatt za 1890–91, seti 25, zilipakwa wino kwa mkono kabla ya kila nakala kuchapwa, hivyo gauni moja lina bluu tofauti kutoka makumbusho moja hadi nyingine.

6. Hakimiliki isiachwe mwishoni

Marekani, kufikia 2025, kazi iliyochapishwa huko kabla ya 1930 ilikuwa mali ya umma, na kila Januari 1 mwaka mmoja zaidi unafunguka, kwani ulinzi ni wa miaka 95. Zilizochapishwa kati ya hapo na 1963 zilihitaji kusajiliwa upya baada ya miaka 28. Nyingi hazikusajiliwa, ila ni lazima mtu akague kumbukumbu, kazi moja baada ya nyingine. Kilichotengenezwa na mtumishi wa serikali ya shirikisho katika kazi yake hakina hakimiliki.

Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, kwamba kupiga picha kwa uaminifu mchoro bapa ambao ni mali ya umma hakuzai hakimiliki mpya. Makumbusho mengine bado hudai malipo ya faili kubwa, kwa hiyo anzeni na yaliyoruhusu picha zao zitumike bure: National Gallery of Art tangu 2012, makumbusho ya Metropolitan tangu 2017, Smithsonian tangu 2020.

Kwa kazi za karibuni, angalieni kama kuna kazi ndani ya kazi. Bango la Obama la Shepard Fairey lilitokana na picha ya mpigapicha wa Associated Press, na mvutano wao wa kisheria ulimalizika kwa makubaliano 2011. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mpigapicha Lynn Goldsmith dhidi ya wakfu wa Warhol kuhusu picha ya mwanamuziki Prince. Ombeni ruhusa kwa maandishi, ikitaja matumizi ya shuleni, maktaba na mtandaoni, na muda wake. Jibu likichelewa, muwe na mbadala aliyekwisha kukubaliwa na kamati.

7. Faili na maelezo

Karatasi nzima ionekane, pamoja na pambizo, saini na shairi au tangazo lililo chini. Wanaokata pambizo ili picha "ipendeze" wanatupa nusu ya ushahidi. Wekeni kipimo cha rangi pembeni ya faili kuu, hifadhini TIFF (faili kubwa lisilopoteza ubora), toeni JPEG (faili dogo) kwa walimu.

Maelezo yafuate mpangilio mmoja. Mfano: *Paul Revere, kwa kunakili Henry Pelham. Mauaji ya Boston. Boston, 1770. Mchongo wa bamba la shaba uliopakwa rangi kwa mkono. Tukio la usiku limechorwa kama la mchana. Ofisa ameonyeshwa akitoa amri. Ilinganishe na lithografia ya Bufford, 1856.* Kisha mwenye nakala, namba, na hali ya hakimiliki. Ukubwa uandikwe kwa sentimita na kwa inchi, kwa kuwa kwenye skrini ya kompyuta stempu na bango hulingana.

8. Jaribuni kabla ya kufunga orodha

Wapeni walimu wachache picha kumi bila maelezo yoyote, kisha wakae nazo darasani. Picha ambayo wanafunzi wanaitazama, wanasema "nzuri" na kuachana nayo, irudishwe kwenye orodha ya akiba. Ile inayowafanya wabishane nani kachora, nani kalipa, na kwa nini mbwa yule katulia, ibaki. Sababu za kila iliyokataliwa zitunzwe pamoja na zilizochaguliwa, maana kamati ijayo itaanza na orodha ileile ya Mjomba Sam na Marilyn, na itahitaji kujua mlizijadili vipi.